Zamu Yangu Kwenye Jukwaa

Mtu akikwambia anasoma chuo cha mtandaoni, usimpe hongera. Mpe pole kwanza, halafu umuulize kama amejibiwa.

Mimi sikujibiwa. Juma zima la mwisho kabla ya mtihani nilitembea na simu mkononi, naifungua, naifunga, naifungua tena, na chini ya maandishi yangu palikuwa na maneno yaleyale: "Bado hakuna jibu." Hata mtu mliyegombana naye huwa anakujibu, walau akutukane. Mimi sikupata hata tusi.

Jina langu ni Nasambu. Ni mwalimu wa chekechea hapa Kayole, na darasa langu ni la watoto wa miaka minne na mitano. Nimelifundisha kwa cheti changu cha zamani hadi mwaka huu, mwalimu mkuu aliponiita ofisini na kuniambia kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba kuanzia Januari kila darasa litashikwa na mwenye diploma. Nikiwa nayo, darasa ni langu. Nikiikosa, nitabaki kuwapeleka watoto msalani huku mtu mwingine ameshika chaki yangu. Nilijiandikisha siku hiyohiyo.

Masomo yenyewe hayakunitisha. Kilichonitoa jasho ni jukwaa la majadiliano. Mhadhiri wetu, Bwana Musau, hatujawahi kumwona isipokuwa kwenye picha moja amevaa tai, anatazama pembeni kana kwamba kuna mtu amemwita. Alitugawa katika makundi kulingana na tunakoishi, na sisi wa Eastlands tukawa watu saba. Kila juma anaweka mada, kila mmoja anaandika hoja yake, na wenzake wanatakiwa kuijibu. Alisema amechoshwa na wanafunzi wanaotupa hoja na kutoroka. Kwa hiyo akaweka sharti. Ili upate alama za jukwaa, lazima hoja yako moja, angalau moja katika muhula mzima, ipate majibu mawili kutoka kwa wanakikundi wako, na wewe uwajibu waliokujibu kabla mada haijafungwa. Bila alama hizo, hakuna mtihani.

Hebu liangalie sharti hilo vizuri. Kumjibu mwenzako hakuna alama. Kujibiwa ndiko kwenye alama. Yaani diploma yangu iko mikononi mwa watu sita ambao hawapati hata shukrani wakinisaidia. Sijui Bwana Musau amekulia wapi, lakini si mahali penye majirani.

Juma la kwanza kila mtu aliandika na hakuna aliyemjibu mwenzake. La pili vivyo hivyo. Ndipo Nerima akaingia kazini. Nerima anaishi Jericho, ana sauti ya kuongoza kwaya, na ni mwenyekiti wa vyama vingi vya akina mama kuliko ninavyoweza kuvikumbuka. Alifungua kikundi cha WhatsApp na kututumia sauti: "Jamani, hii kitu si ngumu. Tufanye tu merry-go-round."

Hakuna mtu wa Eastlands asiyeijua merry-go-round. Wote wanatoa, mmoja anapokea; juma lijalo anapokea mwingine, mpaka kila mtu awe amekula. Sisi badala ya pesa tukaweka majibu. Juma la Nerima sote tunamjibu Nerima, juma la Njoki sote tunamjibu Njoki, na hoja za wengine zinaachwa zilale. Kura zikapigwa kwa vikaratasi, Nerima akivifungua mbele ya kamera ili pasiwe na maneno. Yeye akapata zamu ya kwanza. Mimi nikapata ya mwisho.

Yeyote aliyewahi kucheza mchezo huo anajua hatari ya zamu ya mwisho. Walioshiba huanza kuchelewa. Simu zao huanza kuzima, watoto wao huanza kuugua, na nyanya zao waliokwisha kuzikwa huzikwa tena. Nilijua hayo yote na bado nilinyamaza, kwa sababu nilijiambia hawa ni walimu, na nikaamini kwamba mtu mstaarabu husubiri zamu yake.

Nililipa zamu za watu wote, na sikulipa kwa ujanja. Nerima alikuwa ametutumia aya moja ya kunakili na kubandika ili tusijisumbue: "Nakubaliana nawe kabisa mwenzangu. Umeeleza kwa kina na mapana, na hoja yako imenifungua macho. Hongera, uendelee vivyo hivyo." Wengine waliitumia. Mimi nilikataa. Nilisoma kila hoja mpaka nukta ya mwisho. Njoki alipoandika kuhusu lishe, nilimweleza jinsi watoto wangu wanavyokataa uji wa wimbi wakiuona ni mweusi. Abdifatah alipoandika kuhusu michezo, nilimwandikia mambo mengi kuliko yeye mwenyewe aliyoandika. Yote hayo kwa Kiingereza, bila shaka. Hapa nasimulia kwa Kiswahili ili hasira isipungue njiani.

Halafu zamu yangu ikafika. Mada ilikuwa: eleza changamoto uliyokutana nayo darasani na hatua ulizochukua. Sikuhitaji kufikiri. Niliandika kuhusu Iqra.

Iqra ni msichana wa miaka mitano. Mjomba wake, Abdiwali, humleta asubuhi akielekea kufungua duka lao la kuuza mchele kwa jumla. Tangu ajiunge na darasa langu hajasema neno mbele ya wenzake. Akiitwa jina, anainua mkono. Akiulizwa swali, anatazama viatu vyake. Nilipomuuliza mjomba kama mtoto ana tatizo, alicheka akasema, "Huyu? Huyu nyumbani anaongea mpaka tunamwomba apumzike." Sikumwamini.

Kwenye hoja yangu nilieleza kila nilichofanya. Nilimpa picha za kuchora. Nilimtungia wimbo wenye jina lake. Nilieleza hata kikao chetu cha habari cha kila Jumatatu, ambapo watoto husimulia mambo ya nyumbani mmoja baada ya mwingine, tukianza benchi ya mbele kwenda nyuma mpaka uji uletwe, na sheria ni moja tu, kusubiri zamu yako. Hata hapo, niliandika, penye nafasi ya wazi namna hiyo, Iqra anayeketi benchi ya mwisho kwa sababu alijiunga baada ya wengine, hajawahi kufungua mdomo. Nikahitimisha kwamba huenda mtoto ana hofu ya ndani inayohitaji mtaalamu. Niliisoma tena na kwa kweli nikajipenda. Nilijiona kama mtu anayestahili kusomwa.

Nikaituma. Nikasubiri.

Katikati ya juma nilikumbusha kwenye kikundi: "Wapendwa, hii ni zamu yangu." Waliona wote, alama za kusoma zilikuwa pale, za buluu kabisa. Mmoja akatuma maombi ya asubuhi. Mwingine akatuma ombi la mchango wa harusi ya binamu yake. Nerima akatuma picha ya mikono miwili imeunganishwa, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananiombea au ananiomba msamaha. Nilikumbusha tena Ijumaa, na mara hii watu watatu wakatoka kwenye kikundi kimyakimya. Walikuwa wamekula, meza imefutwa, wanarudi makwao.

Mada ilikuwa inafungwa Jumapili saa kumi na moja jioni.

Sasa, chama kina taratibu zake. Mwanachama akikosa kutoa, hapigiwi simu. Anaendewa. Wanawake wanaingia nyumbani kwake, wanaketi, na hawaondoki. Na jambo moja ambalo kila mama wa chama analijua ni kwamba hunywi chai ya mtu ambaye hajatoa. Ukishainywa, umekwisha, utarudi nyumbani na chai tumboni na hakuna kingine. Mimi sikuwa na wanawake wa kwenda nao. Nilijiendea peke yangu Jumapili mchana, nimevaa viatu vya kutembea na uso wa kudai.

Nilianza kwa Nerima, Jericho, kwa sababu yeye ndiye mwenye mchezo. Nilimkuta ametoka kanisani, bado yuko na kitambaa cha kwaya shingoni.

"Mulembe, Nerima," nikamsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Mulembe! Ai, Nasambu, umepotea hivyo! Ingia, keti, chai iko tayari."

"Chai baadaye. Nimekuja unijibu."

Alielewa mara moja, kwa sababu yeye mwenyewe ameketi katika nyumba nyingi namna hiyo. Akasema hana data. Nikamwashia ya kwangu. Akasema simu haina moto. Nikatoa chaja mkobani. Akaketi, akafungua tovuti ya chuo, akatazama mahali pa kuandika nenosiri kama mtu anayetazama mlango wa nyumba aliyohama.

"Ilikuwa jina la kifungua mimba wangu," akasema, akaandika. Ikakataa. "Basi na mwaka aliozaliwa." Ikakataa. "Ama ni jina la mume wangu? Hapana, wakati huo tulikuwa tumekosana." Akajaribu jina la kwaya, na tovuti ikamfungia nje mpaka kesho.

Ndipo nikaelewa kwamba mama huyu, tangu juma alilokula, hakuwahi kurudi tena kwenye jukwaa hata mara moja. Aya ile aliyotuandikia sisi tubandike, yeye mwenyewe hakuwahi kumbandikia mtu mwingine yeyote.

"Aki Nasambu usinikasirikie. Kunywa hata kikombe."

"Sinywi, Nerima."

Nilitoka bila kupiga mlango, na hilo lilinigharimu nguvu nyingi.

Njoki nilimpata Komarock, saluni, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Yeye ana kituo cha kulelea watoto wadogo na kila mara anaharakisha. Hakubisha. Alitoa simu hapohapo, msusi akiendelea kumvuta nywele, akabonyeza kwa kidole gumba, akasema, "Haya, nimekulipa, tusidaiane." Nikaangalia kwenye simu yangu. Jibu lilikuwa limefika kweli. Lilisema: "Nakubaliana nawe kabisa mwenzangu. Umeeleza kwa kina na mapana, na hoja yako imenifungua macho. Hongera Abdifatah, uendelee vivyo hivyo."

"Njoki. Mimi ni Abdifatah?"

"Haiya! Hiyo ilibaki ya ile wiki ingine." Akacheka, na msusi akacheka, na yule mama aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele akacheka bila kujua kinachochekwa. "Si ni jina tu? Wacha nirekebishe."

Akarekebisha. Mimi nikamwandikia jibu langu hapohapo, nikamshukuru kwa mchango wake wenye maana kubwa. Hivi ndivyo nilivyokuwa nimeshuka. Lakini jibu moja lilikuwa limeingia, na nilibakiza moja.

Nilirudi Kayole saa tisa imekwisha kupita, nikaelekea duka la magodoro la akina Abdifatah karibu na Spine Road. Abdifatah ni kijana mpole anayefundisha watoto wadogo katika shule ya mtaa wao, na Jumapili humsaidia mama yake dukani. Siku hiyo mama alikuwa ameenda kumwona mgonjwa, kwa hiyo alikuwa peke yake, ameketi juu ya magodoro yaliyopangwa hadi kifuani. Aliponiona akaruka chini.

"Dada Nasambu! Wallahi nilikuwa nakukumbuka sasa hivi."

"Ulikuwa unanikumbuka tangu Jumatatu?"

Akainamisha kichwa. Akanimiminia chai ya maziwa yenye hiliki kutoka kwenye chupa, nikaiacha kwenye kaunta. Akatoa simu, na nikamwona akitafuta ile aya ya Nerima, kidole kimeshabonyeza ili kunakili. Hapo kitu fulani ndani yangu kikakatika. Nikaweka kiganja changu juu ya skrini yake.

"Hapana. Wewe utasoma kwanza."

"Yote?"

"Yote. Mimi nilisoma yako yote. Ile ya michezo. Nilikuandikia mpaka vidole vikauma. Kaa pale usome."

"Na wateja, dada?"

"Wateja nitawaangalia mimi."

Akapanda juu ya magodoro, akaanza kusoma. Nami nikasimama kwenye kaunta, mwalimu mzima, nikauza. Alikuja mama akitaka mto, akataka kupunguziwa. Nikamwambia bei ni hiyohiyo na kama hataki aende akalalie mkono wake. Akanunua. Akaja kijana aliyetaka godoro jembamba kabisa la kulaza mgeni asiyetaka akae sana. Nikamwonyesha. Kila nikigeuka, Abdifatah bado anasoma, midomo inatembea polepole. Nakiri nilianza kusikia utamu. Juma zima nilikuwa nimetaka kitu hicho kimoja tu, mtu anisome.

Akamaliza. Aliandika kwa muda, akafuta, akaandika tena. Simu yangu ikalia. Nikafungua nikiwa tayari nimeshaandaa tabasamu.

Alikuwa ameandika: "Nimeisoma hoja yako yote. Kule duksi nilikosomea Qur'ani, mwalimu hakumruhusu mtoto yeyote kurudi nyumbani kabla hajamsikia akisoma, hata kama tulikuwa wengi na jua linazama. Kwa hiyo nauliza. Umesema habari huanzia benchi ya mbele mpaka uji uletwe. Uji ukiletwa, huwa mmefika benchi gani?"

Nilisoma mara mbili. Kisha nikapandwa na hasira.

"Nani amekwambia uulize maswali? Mimi nilitaka hongera! Andika tu hongera!"

"Si umeniambia nisome, dada?"

Saa ya ukutani dukani ilikuwa inaelekea kumi na nusu. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa rahisi: kumjibu kitu chochote kabla ya saa kumi na moja, nipate alama zangu, niingie mtihani. Nikaandika: "Swali zuri sana. Katika darasa langu kila mtoto hupata nafasi sawa ya kujieleza." Lilikuwa jibu la kupendeza. Bwana Musau angelipenda. Kidole changu kikawa juu ya kitufe cha kutuma.

Lakini nilikuwa nimeshaanza kuiona benchi ile. Nilijaribu kukumbuka Jumatatu moja, moja tu, ambayo tulifika nyuma. Wale wa mbele husimulia kwa kirefu. Mmoja wao, Wekulo, anaweza kusimulia harusi moja mpaka ikazaa watoto. Tukifika katikati, mpishi anaingia na ndoo, na uji haungoji kwa sababu vikombe hivyohivyo vinasubiriwa na darasa la pili. Tunakunywa. Jumatatu inayofuata tunaanza tena, na tunaanza mbele.

Wenzake wa benchi ya mwisho hawakujali. Wao hupayuka tu kutoka kule nyuma bila kuitwa, nami huwakemea, lakini walau nimeshawasikia. Iqra ndiye pekee aliyeifuata sheria yangu. Alisubiri zamu yake. Alikuwa anaisubiri tangu muhula wa kwanza, na mimi nikamwandikia chuoni kwamba ana hofu ya ndani.

Niliona aibu, na niseme wazi kwamba ilikuwa aibu chungu, ya kumfanya mtu atake kumkasirikia aliyemwonyesha. Nilimtazama Abdifatah. Alikuwa anakunja foronya, hanitazami, kwa adabu yake.

Nilifuta. Nikaandika: "Hatujawahi kufika benchi yake." Nikatuma. Tovuti ikakataa. Jibu lako ni fupi mno, ikasema, andika angalau maneno ishirini.

Hapo nilicheka, kicheko kibaya, mpaka Abdifatah akaacha foronya. Nilipokuwa naandika upuuzi, chuo kilipokea. Nimeandika ukweli kwa mara ya kwanza muhula mzima, kinadai maneno zaidi. Basi nikakipa maneno. Nikaandika kwamba hatujawahi kufika benchi yake. Kwamba nilisema mtoto haongei kabla sijampa nafasi ya kuongea. Kwamba hoja yangu yote hapo juu ina makosa na anayeisahihisha ayaone. Na kwamba kesho nitaanzia nyuma. Nikatuma. Ikapokea.

"Tayari?" Abdifatah akauliza.

"Tayari."

Nikavuta kile kikombe kilichokuwa kwenye kaunta. Chai ilikuwa imepoa na juu imeshika utando, lakini niliinywa yote, kwa sababu alikuwa amelipa.

Habari ya alama niimalize hapa kabisa niachane nayo. Zilikuja kabla ya mtihani. Nilipata zote, na chini yake Bwana Musau alikuwa ameandika: "Mjadala mzuri wenye uhai. Umeeleza hatua zako kwa kina. Hongera Nerima." Nilitaka kumwandikia. Nilianza kabisa. Halafu nikakumbuka kwamba hakuna alama za kumjibu mtu, nikaifunga simu.

Jumatatu niliingia darasani, nikapita benchi zote, nikaketi sakafuni kule nyuma, ubavuni mwa benchi ya mwisho. Watoto wakageuka wote pamoja.

"Teacher, si tunaanzanga hapa?" Wekulo akasema kutoka mbele, ameshasimama, habari imemjaa mdomoni.

"Leo tunaanza huku. Iqra, una habari gani?"

Iqra aligeuka akatazama nyuma yake, kuona kama kuna mtu mwingine. Palikuwa na ukuta tu. Akatazama viatu. Nikangoja. Wengine wakaanza kunong'ona, na mimi, Mungu anisamehe, nikatamani kumwambia haya basi, tuendelee na mwenzako. Mpishi akaingia na ndoo ya uji. Nikamwinulia mkono asimame hapo hapo. Akasimama, akanikazia macho, kwa sababu darasa la pili walikuwa wanangoja vikombe.

"Paka yetu ilizaa," Iqra akasema.

Sauti yake ilikuwa nene kuliko nilivyoitegemea, sauti ya mtoto anayeongea nyumbani mpaka anaombwa apumzike.

"Ilizaa lini?"

"Kitambo. Hapo kwa magunia ya mchele. Zilikuwa nne."

"Watoto wanne! Na sasa wako wapi?"

"Watu walichukua. Moja ilienda Komarock. Zote zilienda." Akavuta kamba ya kiatu chake, kisha akaniangalia machoni, si kwa hofu hata kidogo, alikuwa ananieleza tu. "Mimi nilikuwa nataka kusema zikiwa nne."

Mpishi akakohoa mlangoni. Nikamwambia aweke ndoo chini, uji upoe kama unataka kupoa, darasa la pili watasubiri. Kisha nikamwuliza Iqra wale paka walikuwa wa rangi gani, naye akaanza na yule wa kwanza.